Namna ya Kuliona Goli Kabla Jirani Hajapiga Yowe

Siku ya Simba na Yanga, goli moja hushangiliwa kwetu Nkunga, Rungwe, mara nne. Wa kwanza kupiga yowe ni mzee mwenye redio barazani kwake. Sekunde chache baadaye kinalipuka kibanda umiza, chenye dishi na king'amuzi. Watu wakiwa wameshaanza kubishana nani alitoa pasi, kijana anayetazama kwa simu kule chini ya migomba anaruka, anavua shati na kutimua mbio kupeleka habari ambayo kila mtu anayo. Wa nne ni yule aliyefungua kiungo cha magendo alichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp. Huyo atashangilia peke yake, wenzake wakitazama kona ya upande wa pili.

Zamani haikuwa hivi. Tukuyu Stars ilipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, lakini mtu wa Rungwe aliyetaka kujua Banyambala hao wamefanya nini ugenini alitega sikio Redio Tanzania Dar es Salaam. Mpira ulipotangazwa, kila mlima na kila bonde lilisikia sauti moja kwa wakati mmoja, na yowe likawa moja. Leo picha tunazo, safi hadi jasho la kipa linaonekana, ila yowe limekatika vipande. Mwongozo huu unafundisha namna ya kuliunganisha upya. Kila agizo lililomo limekusudiwa litekelezwe, hata lile litakalokuudhi.

Jua nafasi yako kwenye foleni

Kabla hujalaumu mtandao, TANESCO au mkono wa mtu, jua goli linakufikia ukiwa wa ngapi.

Redio ndiyo ya mbele. Mtangazaji yupo uwanjani, sauti ni mzigo mwepesi, nayo hupita haraka hadi kwenye mtambo wa FM na kutua sikioni mpira ukiwa bado unatingishika wavuni.

Dishi linafuata. Picha hutoka kwenye kamera za Uwanja wa Benjamin Mkapa, huingia kwenye gari la matangazo lililoegeshwa nje, hupelekwa studio, hubanwa, kisha hurushwa hadi kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ndipo ishuke mpaka kwenye bati lako. Kupanda na kushuka huchukua kama robo sekunde tu, kwa hiyo setilaiti haina kosa. Kinachokula muda ni kubana. Televisheni yetu huonyesha picha 25 kila sekunde, na kuzituma zote nzima kungehitaji njia pana mno. Basi mtambo huzishika picha kadhaa, huzilinganisha, na kutuma tofauti peke yake: nyasi ambazo hazijasogea hazitumwi tena, mguu uliosogea ndio unaotumwa. Huwezi kulinganisha bila kungoja, na king'amuzi chako nacho hungoja ili kuzifungua. Hapo sekunde kadhaa zimekwenda.

Simu iko nyuma zaidi. Programu za kutazama mpira, iwe AzamTV Max au YouTube, huikata mechi kuwa vipande vya sekunde kadhaa kila kimoja. Simu hukusanya vipande viwili vitatu kabla ya kuonyesha cha kwanza, ili mtandao ukiyumba iwe na akiba ya kula. Akiba hiyo ndiyo inayokuweka nyuma kwa nusu dakika, wakati mwingine zaidi. Na kila kile kiduara kinapozunguka, ukasubiri, ukaendelea, umerudi nyuma tena bila mtu kukuambia.

Kiungo cha magendo kiko mkiani. Mtu amechukua picha ambayo tayari imechelewa, akaibana upya na kuirusha upya, na wewe unaipokea ikiwa na sura ya uji. Lakini kuchelewa ndilo kosa lake dogo. Mkataba uliosainiwa mwaka 2021 kati ya Azam Media na TFF ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na katika fedha hizo mna mshahara wa beki wa klabu ndogo ambayo viingilio vya mlangoni haviwezi kuifikisha mwisho wa mwezi. Ukifungua kiungo kile unamlia beki yule posho. Kifute, na aliyekutumia umweleze kwa nini umekifuta.

Ukishaijua foleni, fuata agizo ninalolishikilia kuliko mengine yote humu: siku ya mechi kubwa, mtaa mmoja uwe na chanzo kimoja cha picha. Wenye simu wazifunge waje kibandani. Kuliona goli sekunde thelathini baadaye si hasara hata kidogo iwapo hakuna aliyeliona kabla yako.

Dishi, migomba na mwezi wa Aprili

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hizo huanza Novemba na kwenda hadi Mei, na ligi nayo huanza Agosti au Septemba na kufika ukingoni Mei au Juni. Msimu wa mpira na msimu wa matope kwetu huenda bega kwa bega. Robo fainali za vilabu vya Afrika mara nyingi huangukia Machi au Aprili, siku ambazo Rungwe nzima hakuna mwenye akili timamu anayeanika nguo nje na kwenda shamba.

Enzi za analojia mvua ilileta chenga kwenye kioo, na mtu aliendelea kutazama vivuli vikikimbizana huku akikisia nani ana mpira. Analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Mbeya ikafuata 2013, Tanzania ikawa ya kwanza Afrika Mashariki kuhama. Faida yake ni kubwa na siibezi: masafa yaliyobeba kituo kimoja sasa yanabeba zaidi ya kumi. Ila dijitali haina huruma. King'amuzi hupokea namba, husahihisha zilizoharibika njiani, na zikizidi kiwango chake hukata tamaa papo hapo. Ndiyo maana picha yako huwa safi kabisa, kisha inagawanyika vigae vya mraba, kisha inaganda mshambuliaji akiwa ameinua mguu. Mguu ule utabaki hewani mpaka wingu lipite.

Dawa haifanyiki siku ya mechi. Usipande juu ya bati wakati wa radi kwa ajili ya timu yoyote, hata ingekuwa fainali. Kazi ya dishi ifanyike Agosti, kukiwa kukavu, kwa sababu matone ya mvua hunyonya mawimbi haya ya setilaiti, na unachohitaji ni akiba: dishi lipokee zaidi ya kinachotosha, ili mvua ikila sehemu yake kibaki cha kuonea mpira. Fundi akikuonyesha mistari miwili kwenye kioo, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora, macho yako yawe kwenye ubora. Nguvu bila ubora haina picha. Asiondoke mpaka mstari wa ubora umefika mwisho wa uwezo wake, na mpe chai na ndizi wakati anahangaika, maana milimita chache za kuzungusha lile sinia ndizo zitakazoamua Aprili yako. Na kama kibanda kinaingiza fedha, nunua dishi la sentimita 90 badala ya la 60. Hilo kubwa hukusanya mawimbi mara mbili na robo ya dogo.

Sasa migomba. Dishi la Azam hutazama setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki. Sisi tuko karibu nyuzi 33 na nusu, kwa hiyo kutoka Nkunga dishi linaelekea magharibi, likikengeuka kidogo kaskazini, huku limeinua uso kupita nyuzi 55. Adui yake ni mgomba wa upande wa machweo. Ukifunga dishi Agosti unaona mbingu nyeupe; ikifika Februari kuna jani pana limelala mbele yake, limelowa, nalo limekula nusu ya mawimbi. Fundi wa mjini atakuambia king'amuzi kimeharibika. Wewe toka nje utazame kwanza.

Ukilikuta jani, usilikate kimyakimya. Mgomba una mwenyewe. Nenda kwa mama mwenye shamba siku mbili kabla, si dakika tano kabla, umwamkie, uulize hali ya watoto na ya ng'ombe, kisha useme: "Mama, tunaomba tupunguze majani mawili ya upande ule, Jumamosi Taifa Stars wanacheza." Akikubali, sema ndaga, yaani asante, kata mawili tu, umpelekee ng'ombe wake yale majani. Na kiti chake kibandani siku hiyo hakilipiwi.

Mwisho wa habari za mvua: waya. Acha ulegee chini kidogo kabla haujaingia ndani, maji yadondokee nje badala ya kuufuata hadi kwenye king'amuzi, na maungio yote yafungwe mpira vizuri. Nusu ya lawama tunazozipeleka mbinguni zingekwisha hapo.

Umeme na kifurushi

Kibanda kisicho na umeme wa akiba kisipokee hela ya mtu. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula wati 50 hivi, king'amuzi wati 10 hadi 15. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa kama saa nane hata baada ya inveta kuchukua chake. Hizo ni mechi tatu na muda unabaki. Kifurushi nacho kilipiwe asubuhi. Malipo yanayofanywa dakika tano kabla ya filimbi hukutana njiani na ya nchi nzima.

Adabu za kibandani

Mtu mgumu kuliko wote ni mwenye redio, kwa sababu ni mzee, ni mwenyeji, na redio yake ina haki zote. Amelelewa na akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, watangazaji waliojenga uwanja mzima kwa maneno, na picha haitamshawishi kuwaacha. Usimwombe aizime. Mpe kiti kizuri cha nyuma, aweke redio sikioni, na mkubaliane asitoe sauti. Hata hivyo atawaponyoka. Kijana anaingia amechelewa, anainama kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu toeni hivyo vikombe hapo katikati."

Hapo kibanda kizima kimeshajua kuna jambo linakuja, na vikombe vinatolewa kweli. Basi msimlaumu. Kama mnataka siri itunzwe, msimwamkie mzee kuanzia dakika ya themanini. Mwamkieni wote mapema, vizuri, kwa zamu, kisha mwacheni na redio yake.

Kijana mwenye simu ana sheria tofauti. Yeye hawezi kumharibia mtu kwa picha, kwa kuwa yuko nyuma, lakini anaweza kumharibia kwa arifa. Zile programu za matokeo hutuma ujumbe goli likifungwa tu, na ujumbe ni maneno machache yasiyohitaji kubanwa, kwa hiyo hufika kabla ya picha ya dishi. Simu ikitetemeka mfukoni na mwenyewe akaichungulia, watu wote wanamtazama yeye badala ya kioo. Arifa zizimwe mlangoni. Na kwa wale wenye wanao au ndugu Dar es Salaam, Muscat au London, waombeni wasipige simu mpaka mapumziko. Upendo wao hufika kabla ya mpira.

Rimoti iwe mikononi mwa mtu mmoja, mwenye subira, asiye shabiki mkali wa timu yoyote, kama yupo. Kazi yake ya kwanza ni kutafuta kama kuna sauti ya Kiswahili, maana dijitali hubeba picha moja na sauti kadhaa kwa pamoja, na watu wengi wanasikiliza Kiingereza wasichokihitaji kwa sababu hakuna aliyebonyeza. Kazi yake ya pili ni kukataa kubadili chaneli. Ukihama na kurudi, king'amuzi hungoja picha kamili ya kuanzia ndipo kionyeshe, na sekunde hizo mbili ndizo goli lipendazo.

Kibanda kinachofunguliwa kwa Taifa Stars kifunguliwe pia kwa Twiga Stars, kwa kiingilio kilekile. Walikwenda Morocco kwenye fainali za Afrika za wanawake Julai 2025, na msichana wa Nkunga anayepiga mpira vizuri kuliko kaka zake anastahili kuwaona wakiimba wimbo wa taifa kwenye kioo kikubwa, akiwa ameketi benchi la mbele, bila mtu kumwuliza amefuata nini. Kibanda kinachomfanya binti asimame mlangoni kimeshindwa kazi yake, hata dishi lake liwe la mita tatu.

Halafu saa. Haki za matangazo ndizo zinazopanga saa ya mechi, wala jambo hilo halikuanza jana. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni Kinshasa kabla ya mapambazuko, ili Marekani watazame jioni yao. Kombe la Dunia la 2026, lenye timu 48 na mechi 104 huko Marekani, Canada na Mexico, linafuata njia ileile: jioni yao ni usiku wetu wa manane, na mechi nyingine huanza kwetu kunakaribia kupambazuka. Juni ya Rungwe si ya kuchezea. Anayekuja kwa mechi ya saa kumi alfajiri aje na blanketi, chai iwe jikoni, na wachuma chai wapewe nafasi za karibu na mlango ili waondoke bila kukanyaga watu. Kwa mechi za ligi za saa 10 jioni na saa 1 usiku, malizeni kukamua kwanza. Ng'ombe hana habari na haki za matangazo, na maziwa ya jioni yaliyochelewa hayarudishiwi na klabu yoyote.

Mkeka

Hapa sichekeshi mtu. Usibeti mechi ikiwa inaendelea huku ukiitazama kwa simu, wala kwa dishi. Kampuni za kubeti hupokea taarifa kutoka kwa watu waliokaa uwanjani, wanaobonyeza kila shambulizi na kila kona ndani ya sekunde moja au mbili. Wewe unaona mshambuliaji anaingia kwenye boksi na unakimbilia kuweka hela; wao walishaona amekosa, na bei imeshabadilika. Unacheza na mtu aliyesoma karata zako jana. Vijana wengi wa umri wa kununua ndama wa kwanza wamemaliza fedha ya ndama kwenye pengo hilo la sekunde thelathini. Kibanda kinachojiheshimu kikatae kubeti ndani yake wakati mpira unaendelea, na mwenye kibanda asione haya kulisema hilo kwa sauti.

Namna ya kushangilia mbele ya VAR

Agizo ni hili: shangilia papo hapo, kwa nguvu zote, usingoje. Wapo wanaoshauri watu wajizuie mpaka mwamuzi athibitishe, na mimi nawapinga. Furaha iliyowekwa rehani ikirudi huwa imepoa. Goli likikataliwa, rudi ukae, kunywa chai, na ukubali kwamba dakika mbili ulizofurahi zilikuwa zako.

Mashabiki wa Yanga hawahitaji kukumbushwa tarehe 5 Aprili 2024. Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi Sundowns, mechi ya kwanza suluhu na ya pili suluhu. Stephane Aziz Ki akapiga shuti, likagonga mwamba, likadunda chini, likatoka. Nchi nzima iliruka. Mwamuzi aliwasikiliza wa VAR, goli halikukubaliwa, na Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Simba nao wana tarehe yao, 25 Mei 2025, Uwanja wa Amaan, mechi ya pili ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, goli la Steven Mukwala lilipofutwa baada ya VAR kutazamwa. Katika jambo hili watani wa jadi wanaweza kukaa benchi moja na kupeana pole, na kibandani niwaonapo wakifanya hivyo naona mpira umefanya kazi nzuri.

Lakini ili ubishi uwe wa maana, kila shabiki afanye jaribio hili nyumbani. Chora mstari mezani kwa chaki. Weka limau ng'ambo kidogo ya mstari, kiasi cha kuugusa. Sasa litazame ukiwa umesimama upande mmoja: utaapa limevuka lote. Hamia upande wa pili: utaapa halijavuka. Ni pale tu unapoinama, jicho likiwa sawasawa na mstari wenyewe, ndipo ukweli unaonekana. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, na VAR haina jicho lake yenyewe. Inatazama kupitia kamera za matangazo zilizopo, zilipo. Kama hakuna kamera iliyo sawasawa na mstari, watu wa VAR nao wanatazama limau kutoka pembeni.

Ipo mitambo inayomaliza ubishi huo. Baada ya shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani mwaka 2010, lililovuka mstari waziwazi na kukataliwa, FIFA iliikubali teknolojia ya mstari wa goli, na Kombe la Dunia la 2014 likawa nayo. Qatar 2022 walikwenda mbali zaidi kwa ajili ya kuotea: kamera 12 chini ya paa, zikifuatilia sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, na mpira wenye kihisio kinachotoa taarifa mara 500 kwa sekunde. Aziz Ki hakuwa na lolote kati ya hayo usiku ule. Kwa hiyo hasira yenu msiimalize yote kwa mwamuzi. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania tunaandaa AFCON kwa pamoja. Swali la kuwauliza viongozi wa mpira sasa hivi, kabla ya rangi za viti na nyimbo za ufunguzi, ni kama mstari wa goli kwenye uwanja wetu utakuwa na jicho lake.

Na mechi ya Nkunga nani ataitangaza?

Yote niliyoeleza hadi hapa ni ya kupokea. Tunalipia picha za wengine, tunalinda mawimbi ya wengine, tunabishana juu ya magoli ya wengine. Tukuyu Stars ilikuwa bingwa wa nchi hii. Kijana wa Rungwe aliyezaliwa baada ya 1986 ameupokea ubingwa huo kwa kusimuliwa, na kila mwaka wasimuliaji wanapungua. Akitaka kuona kona moja tu ya msimu ule, atafute kwa nani? Wakati ule hapakuwa na la kufanya. Leo kila kibanda kina simu kumi zenye kamera, na kila mwaka kuna kombe la mbuzi, mechi za shule na bonanza la vijiji, magoli ambayo Jumatatu yamekwisha. Dar es Salaam walishauona uwezekano huu. Ndondo Cup ilianza kama mpira wa mitaani na ikafika kwenye televisheni. Hatuhitaji gari la matangazo ili kuanza.

Tafuta mahali pa juu, usawa wa mstari wa katikati. Kwetu vilima havijawahi kuwa haba. Jua liwe mgongoni. Laza simu, picha iwe pana, na usivute karibu kwa kubana vidole kwa sababu mpira utakimbia na utabaki unapiga nyasi. Mtu anayeshika simu asiwe shabiki wa timu inayocheza, maana goli likifungwa yeye ataruka na kamera itarekodi mawingu. Awepo mwenzake wa kutangaza, hata kwa sauti ya kawaida: ataje jina la kila anayegusa mpira, na kila dakika kumi ataje timu, matokeo na dakika. Miaka thelathini ijayo jezi zitakuwa zimesahaulika na sauti hiyo ndiyo itakayosema nani ni nani. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni kwa ajili ya kioo cha kamera, kwa sababu mvua itakuja tu.

Usijaribu kurusha moja kwa moja kama mtandao ni wa kuunga. Utamaliza bando ukibaki na vipande. Rekodi kwanza, kwa ubora wa 720, ambao mechi nzima inaweza kula gigabaiti tano hivi, kwa hiyo safisha nafasi mapema na uwe na simu ya pili kwa kipindi cha pili. Jioni kata magoli peke yake, ndiyo yatumwe WhatsApp. Kwa watoto wa shule, omba ruhusa ya mwalimu na wazazi kabla hujasambaza sura zao. Mechi nzima usiifute. Faili iandikwe tarehe, timu zote mbili, uwanja na matokeo, si "video mpya 2". Nakala moja ikae kwenye memori kadi ya mtu asiyekopesha vitu, ya pili ipelekwe kwenye kompyuta ya shule, na ya tatu akae nayo nahodha aliyefungwa, maana huyo ndiye atakayeitafuta kabla ya mechi ya marudiano.